Donge la Jibini Halisimami: Dalili, Chanzo na Tiba

Donge la jibini linalowekwa katikati ya meza ya sherehe lina mambo matatu ya kutimiza: lisimame bila kubonyea, lichoteke bila kuvunja biskuti, na ladha yake isikike hata likiwa bado na ubaridi wa friji. Likishindwa lolote kati ya hayo, mara nyingi chanzo ni maji yaliyozidi au joto lisilofaa. Wengi hukimbilia kuongeza kitu kabla hawajajua tatizo ni lipi, na hapo kosa dogo huzaa la pili. Kwa hiyo usitie chochote bakulini mpaka ujue maji yameingilia wapi na mchanganyiko una joto kiasi gani kwa wakati huo.

Ili tuwe na kitu cha kulinganishia, hiki ndicho kipimo tutakachokirejea:

- Jibini ya krimu ya kipande, yenye mafuta kamili: gramu 225
- Jibini ya cheda iliyokomaa, iliyokwanguliwa muda huohuo: gramu 170
- Majani mabichi ya kitunguu, yaliyokatwa nyembamba: vijiko vikubwa 2
- Sosi ya Worcestershire (sosi nyeusi ya chupa, ya siki na viungo): kijiko cha chai 1
- Unga wa kitunguu saumu: nusu kijiko cha chai
- Pilipili manga: robo kijiko cha chai
- Lozi au korosho zilizokaushwa kwa moto na kukatwakatwa, kwa ajili ya ganda la nje (ndizo tutakazoziita njugu): gramu 75

Hapo unapata donge la gramu 400 hivi bila kuhesabu njugu, kipenyo chake kama sentimita 9, linalotosha watu 8 hadi 10 kama kuna vitafunwa vingine mezani. Chumvi haimo kwenye orodha kwa makusudi. Utaona sababu yake mbele.

Utaratibu ni huu. Jibini ya krimu itoke kwenye friji saa moja kabla. Ipige peke yake kwa dakika moja, tia viungo, kisha changanya cheda kwa mwiko, si kwa mashine. Weka mchanganyiko kwenye friji saa moja, uviringe, urudishe kwenye friji saa mbili au zaidi, halafu uvike njugu. Donge litoke dakika 20 kabla ya kuliwa. Ukiruka hatua yoyote kati ya hizi, kuna dalili itakayokusuta hapa chini.

Donge linalegea au linaenea kama mtindi mzito

Hili ndilo tatizo linalowapata wengi, na lina vyanzo kadhaa vinavyofanana kwa nje. Kipimo cha kwanza hakina gharama: tandaza mchanganyiko kwenye sahani pana, unene wa sentimita 2 hivi, funika, weka kwenye friji dakika 45. Usiurundike kama kilima, kwa sababu katikati ya kilima hubaki na joto muda mrefu. Ukitoa ukauona umekaza, tatizo lilikuwa joto tu, viringa uendelee. Ukiwa bado unanata kwenye kijiko na kuacha mkia, basi ni maji au ni aina ya jibini, na friji peke yake haitakuokoa hata ukiuacha usiku kucha.

Anza kwa kuangalia jibini ya krimu. Ile ya kopo, inayouzwa kwa ajili ya kupaka kwenye mkate, imetengenezwa ibaki laini hata ikiwa baridi, kwa kuongezewa unyevu au kwa kupigwa mpaka ishike hewa. Ya kipande ina mafuta yanayokaribia theluthi ya uzito wake, na mafuta hayo ndiyo yanayoganda kwenye ubaridi na kulisimamisha donge. Ile iliyopunguzwa mafuta imejazia pengo kwa maji na vikazio, na maji hayakazi kwenye friji. Kama uliyonayo ni ya kopo na huna nyingine, badili uwiano. Kipimo chetu ni sehemu 4 za jibini ya krimu kwa 3 za jibini ngumu; kwa ya kopo nenda sawa kwa sawa, na uongeze gramu 30 za siagi iliyolainika. Siagi hukaza sana kwenye friji. Ila kwenye chumba chenye joto ndiyo ya kwanza kulegea, kwa hiyo usiitegemee kwa sherehe ya nje mchana wa jua.

Kinachofuata ni vitu vyenye maji. Zeituni, achari, pilipili hoho, mchicha uliochemshwa, nyanya, uyoga: vyote vinaingia vikionekana vikavu na kutoa maji baadaye, kwa sababu chumvi iliyo ndani ya jibini huyavuta. Ndiyo maana donge linaloonekana zuri saa kumi jioni linakutwa asubuhi limekaa kwenye kidimbwi. Vya kwenye kopo vichuje, vifute kwa kitambaa safi, ndipo uvikate. Ukivikata kwanza utabaki na vipande vidogo vilivyobeba maji kila upande. Hoho mbichi ikate vipande vidogo, gramu 100 inyunyizie robo kijiko cha chai cha chumvi, iache kwenye chujio dakika 15, kisha ikamue ndani ya kitambaa. Mchicha ukamue mpaka mkono uchoke, halafu ukamue tena.

Angalia pia vimiminika vidogovidogo. Kijiko cha sosi hapa, maji ya limau pale, matone ya pilipili ya chupa, haradali kidogo. Kila kimoja hakina neno, lakini jumla inafika vijiko vinne vya chai bila mtu kutambua. Kwa donge la gramu 400 usivuke vijiko viwili vya chai vya vimiminika vyote kwa pamoja. Ukitaka harufu ya limau, kwangua ganda lake la njano badala ya kukamua. Ukitaka haradali, tumia ya unga.

Kupiga kupita kiasi nako kunalegeza. Mashine ya kupigia keki ikizunguka dakika tano inaingiza hewa na inapasha moto, na donge lenye hewa hubonyea kama sponji. Dakika moja inatosha.

Mwisho kuna nanasi. Donge la jibini na nanasi ni mchanganyiko unaopendwa, ila nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa. Baada ya saa chache jibini inalegea, inatoa majimaji na kuwa chungu. Papai bichi na tunda la kiwi hufanya vilevile. Hakuna dawa ya donge lililoharibika hivyo. Tumia nanasi la kopo, ambalo joto la kiwandani limeshaua kimeng'enya hicho, au lichemshe la kwako dakika chache, lipoe, kisha likamue kwa nguvu.

Kama tayari una bakuli la mchanganyiko uliolegea, fuata mpangilio huu na usimame unapopata nafuu:

1. Ubaridi, kama tulivyoeleza.
2. Gramu 30 hadi 40 za cheda iliyokwanguliwa nyembamba. Subiri dakika 10 kabla ya kuhukumu.
3. Vijiko vikubwa 2 vya jibini kavu aina ya Parmesan iliyosagwa. Hii inafyonza vizuri, lakini ina chumvi, kwa hiyo onja.
4. Vijiko vikubwa 2 vya chenga kavu za mkate. Subiri dakika 20, kwa sababu hufyonza polepole.

Unga wa ngano usitie. Mbichi haufai kuliwa, na ladha yake inajitokeza. Unga wa wanga wa mahindi nao hausaidii. Kazi yake ya kukaza huanza ukipata moto, na hapa hakuna kinachopikwa. Ikiwa hatua zote nne zimeshindwa na wageni wako njiani, mimina mchanganyiko kwenye bakuli zuri, sawazisha juu, nyunyiza njugu, weka kisu cha kupakia. Ladha ni ileile, na hakuna mgeni atakayejua ulikusudia donge.

Limekaza vizuri lakini chini limekuwa bapa

Hapo jibini haina kosa. Donge limelala kwa uzito wake kabla halijaganda. Tandika plastiki laini ya kufungia chakula ndani ya bakuli dogo la duara, shindilia mchanganyiko humo, kunja plastiki juu, ugandishe ukiwa ndani ya bakuli. Ukilitoa, zungushia mikono mara moja kulainisha kingo. Njia nyingine ni kutengeneza madonge mawili madogo badala ya moja kubwa. Ukiongeza vipimo maradufu, kipenyo kinaongezeka kwa robo tu na ushee, lakini muda wa kupoa mpaka katikati unapanda kwa zaidi ya nusu. Watu hulipatia donge kubwa muda wa donge dogo, kisha wanashangaa moyo wake ukiwa laini.

Vibonge vyeupe ndani ya mchanganyiko

Jibini ya krimu iliingia ikiwa baridi. Ikisha kutiwa cheda na majani, vibonge hivyo havipigiki tena, kwa kuwa vitu vingine vinavisukuma kando. Ndiyo maana tunasema ipigwe peke yake kwanza. Inatakiwa iwe karibu na nyuzi joto 20 za Selsiasi, yaani ukiibonyeza kwa kidole shimo libaki bila kidole kuhisi ubaridi mkali.

Ukiwa huna saa moja, ikate vipande vya sentimita 2, vitandaze kwenye sahani. Dakika 20 hadi 25 zinatosha. Maikrowevu inawezekana kwa nguvu ndogo, sekunde 10 kila awamu, ukigeuza vipande. Ondoa kwanza karatasi yake ya fedha, maana inatoa cheche. Ukipitiliza, pembezoni zitayeyuka huku katikati kukiwa baridi, na utakuwa umebadilisha tatizo moja kwa jingine.

Vibonge vikiwa vimeshachanganyika, weka bakuli juu ya maji ya uvuguvugu (si ya moto) dakika tano, bonyeza vibonge kwa mgongo wa mwiko dhidi ya ukingo wa bakuli, kisha rudisha kwenye friji. Usipige kwa mashine kwa hasira. Cheda itasagika na donge lote litakuwa ujiuji.

Linapasuka, linamong'onyoka, halishikani

Huu ni upande wa pili wa mizani. Ama jibini ngumu imezidi, ama donge ni baridi mno unapoliviringa, ama umetumia jibini iliyouzwa tayari imekwanguliwa. Hii ya mwisho inastahili maneno mawili: vipande vyake hupakwa wanga au selulosi ili visigandane ndani ya mfuko. Unga huo unavizuia pia kushikana na jibini ya krimu. Kwangua mwenyewe kwa tundu ndogo za kikwangulio, wakati jibini ni baridi, kisha ipe dakika 15 nje kabla ya kuichanganya.

Kutofautisha ubaridi na ukavu ni rahisi. Chukua kipande cha ukubwa wa ndimu, kikande mkononi nusu dakika. Kikilainika na kushikana, kilikuwa baridi tu. Liache donge nje dakika 10 na uendelee. Kikibaki chengachenga hata kikiwa na joto la mkono, ongeza krimu au mtindi mzito, kijiko kimoja cha chai kwa wakati, ukichanganya na kusubiri dakika tano kati ya kijiko na kijiko. Mara nyingi viwili au vitatu vinatosha. Maziwa ya kawaida ni mepesi mno kwa kazi hii. Ukitia kidogo hayatoshi, ukiongeza kidogo tu yamezidi.

Nyufa ndogo juu ya donge lililokaa friji siku nzima bila kufunikwa ni ngozi iliyokauka, si kosa la mchanganyiko. Paka mikono maji kidogo sana, uipapase. Njugu zitaficha kilichobaki.

Mdomoni linasikika kama mchanga

Ikiwa hukuligandisha kwenye friza na hukutumia jibini ya mfuko, basi cheda yako imezeeka sana. Cheda iliyokomaa kwa miaka kadhaa ina vijiwe vidogo vya asili, na ukavu wake haufichwi na krimu. Changanya nusu ya hiyo na nusu ya iliyokomaa kwa wastani: unapata ukali wa ladha bila chenga. Sababu nyingine ni jibini iliyopata moto ikagawanyika, mafuta kivyake na protini kivyake. Hiyo haiunganiki tena kwa kupigwa.

Mafuta yanang'aa juu ya donge

Joto. Mafuta ya maziwa huanza kulegea mapema, na kwenye nyuzi joto 30 sehemu kubwa yake imeshakuwa kimiminika. Chanzo kinaweza kuwa chumba, viganja vyako, au mashine ya kukatakata chakula iliyozunguka mpaka chombo chake kikapata joto. Rudisha kwenye friji nusu saa, futa mafuta kwa karatasi ya jikoni, viringa upya ndani ya plastiki bila kugusa kwa mikono. Mwenye viganja vya moto (wapo, na hawana kosa) avitie kwenye maji ya baridi nusu dakika na kuvikausha kabla ya kuviringa.

Kunata mikononi ni ndugu wa tatizo hilihili. Plastiki ya kufungia inatibu yote mawili: weka rundo katikati ya kipande cha plastiki, kusanya pembe nne juu, zisokote kama unafunga mfuko, na ukandamize kwa nje mpaka liwe duara.

Ganda la nje: njugu zinadondoka, zinalainika, zinabadilisha rangi

Hapa ndipo kazi nzuri ya ndani inapoharibikia machoni pa watu.

Zikidondoka, angalia ukubwa wa vipande kwanza. Nusu nzima ya korosho haina namna ya kushika kwenye mviringo. Kata mpaka vifike ukubwa wa punje ya mchele, na vumbi linalobaki ulichekeche, kwa sababu hutangulia kugusa jibini na kuvinyima vipande vikubwa mahali pa kunatia. Sababu ya pili ni uso wa donge kuwa mgumu mno. Likitoka friji lipe dakika 5 hadi 10. Kisha usiishie kulibiringisha tu. Libiringishe, halafu ukandamize kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, sehemu kwa sehemu. Liache donge dakika tano zaidi ukiona halishiki, lakini donge lenye umande juu yake ulikaushe kwanza kwa karatasi. Njugu hukamata jibini, hazikamati maji.

Zikilainika, zilivikwa mapema mno au hazikupitia moto. Njugu mbichi zina unyevu wake, na zikikaa usiku mzima juu ya jibini zinanyonya mwingine. Zikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 175 kwa dakika 7 hadi 9, ukizigeuza katikati, au kwenye kikaango kikavu kwa moto wa chini ya wastani ukikoroga bila kuondoka. Zitoe zikiwa zimepungukiwa kidogo na rangi unayoitaka, maana zinaendelea kuiva zikiwa nje. Zipoe kabisa, nusu saa nzima, ndipo uzikate. Njugu zenye uvuguvugu zikigusa donge zinayeyusha uso wake na ganda lote linateleza kama blanketi kitandani. Donge tupu linaweza kutengenezwa siku moja au mbili kabla; njugu zivikwe saa moja au mbili kabla ya wageni, si zaidi. Na onja punje moja kabla ya kuzimimina zote, kwa sababu njugu zilizokaa sana mafuta yake huchacha, na uchungu huo hufika kwenye kila tonge.

Majani kama kotimiri yana taabu yake: yakioshwa na kukatwa yakiwa na maji, yanachora michirizi ya kijani kwenye jibini. Yaoshe mapema, yakaushe ndani ya kitambaa, yakate kwa kisu kikali kwa pigo moja moja. Kisu butu huyaponda na kutoa maji.

Rangi ya kijivu ndani ya donge hutokana na zeituni nyeusi, jibini yenye ukungu wa buluu, au ngozi ya njugu aina ya jozi (walnut). Si uharibifu, ila haivutii. Vitu hivyo viingize mwisho kabisa kwa mkono, kwa mikunjo michache, vibaki kama mabaka badala ya kupaka rangi kila mahali.

Ladha imepooza, au imezidi

Ubaridi huua ladha. Mchanganyiko ulioonjwa ukiwa na joto la chumba na ukakolea sawasawa utaonekana dufu ukitoka friji. Kwa hiyo uonje mara mbili: baada ya kuchanganya, na tena baada ya nusu saa ya friji. Hiyo nusu saa ina kazi nyingine. Unga wa kitunguu saumu na wa kitunguu huhitaji unyevu na muda ili uamke. Anayeonja papo hapo huongeza, na kesho yake donge linanuka kitunguu mpaka mlangoni.

Kitunguu saumu kibichi ni hatari zaidi, maana ukali wake unasambaa kadiri saa zinavyopita. Punje moja ndogo iliyokwanguliwa ndiyo mwisho kwa gramu 400. Kitunguu cha kawaida kibichi kinatoa maji na kuwa kikali kisichopendeza kufikia siku ya pili. Majani mabichi ya kitunguu ni salama zaidi, na ukilazimika kutumia kitunguu chenyewe, kikate vidogo, kisuuze kwa maji baridi, kikamue.

Chumvi ndiyo inayowaponza wengi. Cheda ina chumvi, sosi ina chumvi, njugu za dukani mara nyingi zina chumvi, na biskuti za kuchotea zina chumvi pia. Onja mchanganyiko ukiwa juu ya biskuti ileile utakayoandaa. Hiyo ndiyo ladha mgeni atakayoipata. Ikizidi, ongeza gramu 60 hadi 80 za jibini ya krimu tupu, na njugu za nje ziwe zisizo na chumvi. Sukari na asali hazifuti chumvi. Zinaleta vita vya pili kinywani. Na donge lililopooza usilikimbilize kwenye chumvi kabla ya kujaribu robo kijiko cha chai cha ganda la limau lililokwanguliwa, au nusu kijiko cha haradali ya unga. Mara nyingi lilikosa ukali, si chumvi.

Mezani: biskuti zinavunjika, donge linatoa jasho

Biskuti zikivunjika, donge limetoka friji sasa hivi. Dakika 20 nje zinatosha kwa donge la kipenyo cha sentimita 9. Chumba kikiwa na joto, 10. Weka kisu kidogo kando na wewe mwenyewe uchote kipande cha kwanza, kwa kuwa wageni huogopa kuvunja duara zima, na donge lisiloguswa hubaki hivyo usiku kucha.

Matone juu ya donge ni unyevu wa hewa unaogandia kwenye kitu baridi. Plastiki iondolewe donge likiwa limekaribia kidogo joto la chumba, si ndani ya mlango wa friji, na matone yafutwe kwa kugusa, si kwa kusugua. Ukiliona limekaa kwenye maji chini, rudi kule juu kwenye zeituni na hoho.

Kukaa nje kuna mpaka. Saa mbili kwa jumla, ukihesabu na zile dakika za kulainisha. Hewa ikipita nyuzi joto 32, saa moja. Kwa sherehe ndefu, tengeneza madonge mawili ya nusu kipimo, moja mezani na moja kwenye friji ya nyuzi joto 4 au chini yake, ubadilishe katikati. Kilichovuka muda kitupwe, hata kama kinanukia vizuri. Wageni waambiwe kuna njugu ndani au nje, na bora uwe na donge dogo lililovikwa kotimiri kwa asiyeweza kuzila, likiwa na sahani na kisu chake peke yake, lililoviringwa kabla hujagusa njugu.

Kuhusu friza: inawezekana, ila donge litatoka likiwa limemong'onyoka kidogo, kwa sababu barafu hutenga maji na protini. Ligandishe bila njugu wala mboga mbichi, limefungwa plastiki mara mbili, kwa muda usiozidi mwezi mmoja. Liyeyushe ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi liponde kwenye bakuli, pigapiga kwa mwiko pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha jibini mbichi ya krimu mpaka lirudi kushikana, uliviringe upya, ulipe saa mbili za ubaridi, na ndipo njugu.